Mpangilio Wangu wa Mawe ya Kibondo

Jumatatu, 9 Juni 2025

Mkataba wangu unaisha Ijumaa. Nimeangalia kalenda mara nne. Haijabadilika. Dokta Zuleha, mjiolojia wetu, kaenda Kasulu hadi Jumatano na kuniachia ghala: masanduku ishirini ya mwamba uliochorongwa kutoka shimo refu ardhini, vipande kama miwa iliyokatwa. Fujo tupu! Chekundu, cheusi, cha kijivu, chekundu tena. Mimi nina diploma ya utunzaji wa kumbukumbu. Nimevipanga vyote upya, kwa rangi. Dokta atastaajabu!

Jumatano, 11 Juni

Kastaajabu. Hakufoka, aliketi tu sakafuni. Bora angefoka.

Kasema nimechana kitabu na kupanga kurasa kwa ukubwa. Zamani mno hapa palikuwa na bonde lililojaa maji, volkano chini yake. Maji ya moto yalipanda kwenye nyufa, yakiwa yameyeyusha chuma na metali iitwayo manganizi. Chuma hakina subira: kikikutana na oksijeni kidogo tu, kinaganda na kuzama. Tabaka jekundu. Manganizi huvumilia, husafiri mbali zaidi, hutua baadaye. Tabaka jeusi. Majivu ya volkano yakafunika, kazi ikaanza upya. Mpangilio ndio habari yenyewe.

Nilisahau hofu dakika nzima. Mamilioni ya miaka, tabaka juu ya tabaka, bila karani hata mmoja!

Kisha akasema nisiporudisha mpangilio kufikia Ijumaa, kazi ya shimo zima imepotea, na mkataba wangu pia.

Alhamisi, 12 Juni

Twalibu dereva, mjuaji wa kila kitu, alipiga picha masanduku yote siku yalipofika, aweke status ya WhatsApp. Nikamwomba. Kataka kwanza nimwite Profesa, kwa sauti, mbele ya Venanti mlinzi. Nikaita. Venanti akasema hajasikia. Nikarudia.

Picha safi kabisa, ila sanduku la kumi na mbili limezibwa na Twalibu mwenyewe, kidole gumba juu. Nikamuuliza kwa nini asimame pale pale. Akajibu: ulitaka nani aangalie mawe matupu, bwana mdogo?

Hilo nimelipanga peke yangu, nikioanisha mipasuko ya ncha zake. Kutoka chini: cha kijivu, chekundu, chekundu chenye michirizi, cheusi. Vikaingiana! Chuma kimechoka, manganizi imeendelea. Nimekaa nikitazama, mikono myeusi hadi kwenye viwiko. Sijawahi kuona jalada lililopangwa vizuri hivyo.

Ijumaa, 13 Juni

Dokta kakagua masanduku yote. Kwenye la kumi na mbili kakaa muda mrefu. Kisha akasema: hapa umefikiri. Mkataba, miezi sita zaidi!

Wote wameondoka. Ghala ni langu. Nimeona sasa vibao vidogo vya mbao katikati ya vipande, vinavyoonyesha kila kipande kimetoka kina gani ardhini. Aibu! Tope, na mwandiko wa wino wa bluu kama wa kuku. Dokta anastahili mwandiko mzuri. Nimevikusanya vyote sitini kwenye beseni, vilowe kwanza. Tope linatoka vizuri sana. Maji yameshakuwa ya bluu.