Chuo cha Edson na Mpunga wa Kagongwa

Edson alikuwa anatafuna chapati ya mtu mwingine pale stendi ya Kahama alipomsikia mama mmoja akimwambia mwenzake, "Wangu atasomea rasilimali watu. Mgodini kuna anayechimba na kuna anayeajiri. Mimi nataka wa kuajiri."

Chapati ikasimama mdomoni. Edson, ambaye katika maisha yake hakuwahi kuajiri wala kuajiriwa, aliona mwanga kama ule wanaousimulia watu wa mikesha ya injili.

Wiki haijaisha, bango likaning'inia nyuma ya saluni moja: Chuo cha Maendeleo ya Rasilimali Watu, usajili unakaribia kukamilika. Edson alijiridhisha kwamba huo si uongo, kwa kuwa bango halikusema unakaribia kiasi gani.

Wanafunzi wakaja. Kikwazo kikawa kimoja: ni msimu wa mavuno, na wazazi walikuwa na mpunga, si fedha. "Leteni mpunga," Edson akasema kwa sauti ya mtu mwenye huruma. Magunia yakalazwa kwenye stoo ya mashine ya kukoboa pale Kagongwa, yasubiri bei ipande. Ikipanda tu, Edson anauza, anapotelea Geita.

Bei ikagoma kupanda. Ikabidi Edson afundishe.

Alisoma kwenye simu mchana, akafundisha jioni, akiwazidi wanafunzi wake elimu kwa saa chache. Jambo la kutisha ni kwamba alianza kulipenda. Akanunua miwani isiyokuza chochote. Akaanza kusema "kimsingi" hata akiagiza supu.

Mbele kabisa alikaa Violeth, mwanawe Davis mgongoni. Mama yake Violeth, bibi Mageni, alikuwa ametoa mpunga ambao ungelisha nyumba yao mpaka mavuno mengine.

"Shikamoo, Mwalimu. Vyeti vyetu atasaini nani?"

"Marahaba, Mama Davis. Usikimbilie vyeti. Kimsingi, leo tuko kwenye kukasimu madaraka."

"Ndiyo nini?"

"Bosi hafanyi kila kitu. Anateua mtu, anamtangaza mbele ya watu, kisha hamwingilii."

"Na yule mtu akiharibu?"

"Lawama ni ya bosi."

Violeth akaitikia kwa kichwa taratibu huku akimbembeleza mtoto. Edson akadhani anambembeleza mtoto tu.

Hatimaye bei ikapanda. Dalali akapatikana. Kilichobaki ni kupakia, na wapagazi wa Kagongwa hawabebi gunia kwa maneno matamu. Edson akawatazama wanafunzi wake, wenye afya na kiu ya elimu, akatangaza mafunzo kwa vitendo.

Pale stoo akamsimamisha Violeth mbele ya Mzee Donatus, mtunza stoo. "Mzee, huyu ndiye afisa utumishi wangu. Akisema yeye, nimesema mimi."

Hakukuwa na sababu ya kusema hivyo. Aliipenda tu ile sentensi, maana alikuwa hajawahi kuwa na afisa wa aina yoyote. Kisha akarudi mjini kunyoa, ili akutane na dalali akiwa na kichwa cha msomi.

Kichwa kilinyolewa vizuri, ila foleni ya kinyozi ilikula mchana mzima. Stoo aliikuta tupu.

"Mtu wako amepakia kwenye Fuso na wenzake," Mzee Donatus akasema. "Wameondoka wanaimba."

"Wameelekea wapi?"

"Kumrudishia kila mzazi gunia lake. Nikamuuliza kama wewe unajua. Akanijibu bosi hafanyi kila kitu."

Mtu mwenye akili angepanda gari la Geita palepale. Lakini saa ya kipindi ilikuwa inakaribia, na miguu ya Edson, iliyoharibiwa na ualimu, ikampeleka darasani.

Wote walikuwapo. Violeth alisimama ubaoni. Kiti kimoja kilikuwa peke yake mbele, kama kile alichowafundisha kumwekea mtu anayehojiwa.

"Karibu, Mwalimu. Kaa hapo."

Akakaa.

"Nilikwenda Shinyanga, kwenye chuo cha kweli. Nikauliza vyeti vyetu atasaini nani. Hawakujui. Ulitufundisha mtu haachishwi kazi kabla ya kusikilizwa. Haya, tunakusikiliza."

Edson alikuwa amewahi kumwuzia mchungaji mbuzi wa mchungaji huyohuyo. Leo akajikuta anakagua kesi yake mwenyewe kama mwalimu. Kibaya zaidi, aligundua kwamba taratibu zote zimefuatwa: kosa limetajwa, nafasi ya kujitetea imetolewa, hakuna aliyemtukana. Kifuani kikamgusa kitu kinachofanana mno na fahari.

"Sina la kusema."

"Basi umeachishwa," akasema Boaz, mwanafunzi mchimbaji mwenye mabega mapana kama mlango.

"Nina haki ya kukata rufaa?"

"Unayo," Violeth akajibu. "Kituo cha polisi ni hapo tu, mbele ya sheli."

Edson aliitafakari haki yake, akaamua kuiacha. Akavua miwani, akaiweka mezani. Akiwa mlangoni akamsikia Violeth akiwaambia wenzake, "Mama amesema nusu ya mpunga tule, nusu nikasomee kweli. Jumatatu naenda Shinyanga kujiandikisha. Nani tunaenda naye?"

Viti vikasogea. Ilionekana ni wengi.

Nje, dereva wa bodaboda akawasha pikipiki. "Mwalimu, leo mapema. Vipi wanafunzi?"

"Wamefaulu," Edson akasema huku akipanda. "Wote."

Tangu afike Kahama, hilo ndilo lilikuwa neno lake la kwanza la kweli.