Mapumziko ya Mama Shiundu

Jumatatu, 3 Machi

Nimezinduka nikiwa jikoni, leso imefungwa kifuani, naimba, nabembeleza. Nimechungulia chumbani: watoto wote wamelala kwenye godoro. Basi mgongoni nimebeba nani? Mto wa kulalia! Nimeubembeleza mto mpaka uji ukaungua. Hata niliuuliza kama umeshiba.

Kwenye semina ya walezi Jumamosi, Mwalimu Njoki alituambia kwamba anayelea watoto wa watu naye ni mtu. Apumzike. Anywe chai ikiwa moto, ameketi, mpaka mwisho. Ukumbi wote ulicheka. Mimi nililia kidogo. Chai yangu huipika asubuhi na kuimwaga jioni, ina utando juu. Ewe chai ya moto! Kikombe kile cha bluu, tangawizi, na hakuna anayenivuta sketi. Naiwaza hata nikiwa kanisani.

Njoki alisema majirani tusaidiane, mmoja awalee watoto wa mwenzake siku moja, kisha wabadilishane. Selpher akanigeukia akitabasamu. Ana deikea, nyumba ya kulelea watoto kama yangu, orofa ya chini yangu, na mapazia ya waridi. Ati nimpelekee wangu Alhamisi. Nimpelekee! Kina mama wanaoniletea watoto wakiyaona yale mapazia, mimi kwisha. Nitapumzika kwa akili zangu mwenyewe.

Jumanne, 4 Machi

Mpango tayari. Nimewaambia kina mama kwamba kesho sifungui, maji yamekatika. Uongo safi kabisa. Hapa Tassia, ukisema maji hakuna, nani atakuomba ushahidi? Nimenunua tangawizi.

Jumatano, 5 Machi

Wamekuja wote! Kila mmoja mtoto mkono huu, jerikeni mkono ule. Muhiba, anayeuza mahamri pale stejini kwa matatu, amebeba jerikeni mbili, na Hikma wake mgongoni. Akasema, “Pole mama, hatuwezi kukuacha uteseke peke yako.” Niliona haya mpaka masikioni. Na mfereji nyuma yangu ukimwaga maji shwaa! Nikaimba kwa sauti ili wasiusikie.

Jerikeni zimejaa nyumba nzima. Hata ningepata chai, pa kuketi hapakuwa.

Jioni nikamfunga Muhiba mtoto mgongoni, akashuka ngazi. Huko chini mtoto akaomba hamri kwa sauti nzito. Alikuwa Imran, mtoto wa mama mwingine! Hikma bado alikuwa kwangu, analala. Muhiba alirudi akicheka, akasema alishangaa binti amekuwa mzito hivyo kwa siku moja. Mimi sikucheka. Siku moja nitakosea kosa lisilochekesha mtu. Nimechoka. Nimechoka, jamani.

Nimeshuka kwa Selpher.

Alhamisi, 6 Machi

Amewachukua wote. Nimempa kila kitu isipokuwa leso ya Muhiba, ile yenye harufu ya iliki. Bila hiyo Hikma halali. Nimeificha kwa makusudi. Alie kidogo tu, Selpher ajue kazi ni nini!

Nikapika chai. Nikaketi. Moto! Tamu! Nikafika nusu.

Kimya. Nikangoja kilio cha Hikma. Kimya. Nikalala chini, sikio sakafuni. Kimya tu. Nyumba ilikuwa kubwa ghafla, nikaona viatu vidogo vya Imran mlangoni, na roho ikaniuma. Nilitamani kumbeba yule mtoto kuliko nilivyowahi kuitamani chai. Mgongo wangu ulikuwa baridi. Nikachukua mto, nikaufunga kwa leso ya Muhiba, nikazunguka nao polepole.

Mlango ukafunguliwa. Selpher! Alikuja kuuliza kama nimekunywa chai. Hikma alikuwa mgongoni mwake, amelala fofofo, anakoroma. Msaliti mdogo.

Selpher aliuangalia mto. Hakunicheka, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Alisema yeye hubembeleza kibuyu cha maji. Kisha akauliza kama kesho naweza kuwachukua wake, maana hajalala vizuri tangu Krismasi. Macho yake yalikuwa mekundu kama yangu.

Chai ilikuwa imepoa.

Ijumaa, 7 Machi

Watoto wa Selpher wako hapa, na wangu. Yeye amelala, nasikia mkoromo kupitia sakafu. Mwalimu Njoki alisema kweli, kupumzika ni muhimu. Nimeelewa sasa.

Kina mama wawili wa kwake wamesifu usafi wangu, wakauliza kama nina nafasi. Ipo! Nimemtumia Selpher ujumbe apumzike wiki ijayo yote, asijisumbue, nitamlelea. Nimetafuta mapazia pia. Ya waridi, lakini yenye maua.

Mgongoni nimebeba mtu, nimehakikisha. Amenitapikia.

Chai iko mezani, inafuka moshi. Naja kuinywa sasa hivi, nikishawalaza hawa.