Ubao wa Bosi

Jumatatu, 4 Machi
Kochi la mwalimu mkuu limekwisha! Mahameli ya kijani, vifungo mgongoni, miguu inang'aa. Nimelizunguka mara kadhaa nikijisifu. Analichukua Jumamosi. Tatizo ni Bosi, paka mchanga wa mke wangu, anayedhani karakana yangu hapa sebuleni ni yake. Jana kachana kochi la jirani. Mke wangu kasema kazi ya mteja ikiharibika tena, kuna mmoja atahamia banda la kuku, na si paka. Mimi! Fundi makochi wa mtaa mzima!

Jumanne, 5 Machi
Nimemfokea Bosi. Akapiga miayo. Nikampungia kidole, akakirukia na kuking'ang'ania. Shemeji, mdogo wake mke wangu, alicheka mpaka akashika ukuta. Eti paka mchanga lazima akwaruze, hana ubaya. Eti nizungushe kamba ya katani kwenye ubao, niusimamishe karibu na kochi, na mkono wangu nisiufanye mwanasesere. Nikasema asante shem, nimekuelewa. Hata nyundo hajui kushika!

Jumatano, 6 Machi
Wazo la ubao si baya. Ni langu sasa. Ila kamba ya magunia, nyumbani kwa fundi? Aibu! Nimechukua masalio ya mahameli ya kijani, nikauvalisha ubao, sponji ndani, vifungo juu. Umependeza kuliko makochi ya watu. Bosi akiukwaruza, nampa kipande cha samaki.

Alhamisi, 7 Machi
Huyu paka ana akili! Zulia hataki. Pazia hataki. Kijani tu, kisha ananigeukia adai samaki wake. Nimemwita shemeji aje ajionee. Akautazama ubao, akalitazama kochi chini ya shuka, akafungua mdomo. Nikamwahi: wivu hausaidii, shem. Akaufunga, akaomba chai.

Jumamosi, 9 Machi
Mwalimu mkuu kafika asubuhi. Nikavuta shuka kwa madaha. Lo! Bosi alipaa. Kaanzia mkononi mwa kochi, kapanda mgongo, kashukia upande wa pili, kucha zote nje, vifungo vinaruka. Alipomaliza akaketi mbele yangu kusubiri samaki. Mwalimu mkuu akauliza paka ni wa nani. Nikasema simjui. Bosi akanipanda begani, akaanza kukoroma. Shemeji, mlangoni, akasema mtoto asilaumiwe, amefuata alichofundishwa. Nilitamani ardhi ipasuke. Mke wangu alikwenda kuchukua ufunguo wa banda.

Jumatatu, 11 Machi
Naandika nimeinama, dari ni fupi. Kuku wananitazama kama mgeni aliyekaa mno. Kochi la mwalimu mkuu nalivalisha upya bure. Shemeji kaleta ubao wake wa kamba ya katani, na Bosi tangu jana hajagusa kitu kingine huko sebuleni. Bahati tu! Mimi nimekaa, nimetafakari kiutu uzima, nimeligundua kosa. Ni ile rangi. Kijani humtia paka wazimu, na hakuna aliyenionya. Basi daktari mmoja wa mtaani ameagiza kochi la bluu, kitambaa nimeshakikata, na masalio yamebaki mengi. Ubao mpya nimeshauvalisha, wa bluu, na vifungo juu. Bosi kaja kunitembelea jioni. Kaukwaruza mara moja tu, nikampa samaki mzima.