Maiti wa Mazoezi

Jamani, leo nimeaibika, na aibu yenyewe nimeipata nikiwa nimelala chali. Nawaandikia ninyi wa kwaya ya nyumbani kabla hamjasikia kwa mwingine.

Mnanijua. Mimi ni mtu wa kukaa jikoni na kuota moto. Kuvuka bahari kuja Mafia kufundisha wazee wa kanisa sikuomba, nilipangiwa. (Mnaoniita "mmisionari wa ng'ambo", mngeniona nilivyotapika njia nzima, mngenitafutia jina jingine.) Wakristo hapa Kirongwe ni wachache na wote ni wa kuja: mwalimu, muuguzi, bwana shamba na familia zao. Mchungaji hufika akijaliwa. Kazi yangu ni kuwafundisha wajiendeshe wenyewe, pamoja na kuzika.

Na kuzika ndiko kwenye shida, maana makaburi hatuna. Tumeomba kijiji kitupe kipande cha ardhi nyuma ya shamba la ujamaa, na kamati ilikuwa ikae leo jioni iamue. Mama Neema, muuguzi wetu, anaishi na mama yake mzazi ambaye hali yake si nzuri. Kila tukikutana ananiuliza, "Mwinjilisti, tutamweka wapi?"

Basi leo mchana somo lilikuwa mazishi. Darasa letu ni banda la zamani la kukaushia nazi za mbata. Tukaweka kitanda cha kamba katikati. Mwalimu Lazaro aongoze ibada, Mama Neema awe mfiwa, bwana shamba awe waombolezaji wengine wote. Maiti? Nikajitolea. (Sijui nilikuwa na akili gani.)

Mama Neema hafanyi kazi nusu nusu. Akanifunga taya kwa bendeji, akanitia pamba puani, akanifunika shuka jeupe mpaka utosini.

"Sasa lia," Lazaro akamwambia. "Kidogo tu, kwa mazoezi."

Akaanza kidogo. Halafu nadhani akamkumbuka mama yake, maana kilio kilichofuata hakikuwa cha mazoezi. Nikajikuta namwonea huruma marehemu.

Kisha kukawa kimya. Shamba la ujamaa liko jirani, na muda wote nilikuwa nikisikia majembe. Sasa sikusikia hata jembe moja.

Halafu miguu. Miguu mingi, mitupu, inakuja polepole juu ya majani makavu.

"Nani?" Ilikuwa sauti ya Mzee Hamisi, balozi wetu wa nyumba kumi.

"Mwinjilisti," mtu akajibu kutoka mlangoni; nadhani aliona viatu vyangu chini ya kitanda.

"Inna lillahi. Na jana tu kanisalimu. Haya, shikeni majembe, twendeni pale walipopaomba."

"Mzee Hamisi, subiri kwanza nikueleze," Lazaro akasema.

"Mwalimu, huyu hana ndugu hapa. Ndugu zake ni sisi. Maiti hacheleweshwi."

Ningeinuka wakati ule, kisa kingeishia hapo. Lakini nilifikiria kamati. Watu wameacha kazi ya kijiji kuja kunizika, nami niketi niseme tulikuwa tunacheza? Nani angetupa ardhi? Nikaona nitulie, Lazaro ayamalize kiungwana huko nje. Nikasikia Lazaro, bwana shamba na Mama Neema wakitoka mbio kuwafuata wachimbaji, wakiita, "Jamani, ngojeni!"

Nikabaki peke yangu. Hapana, sikuwa peke yangu. Kitu chembamba kikalazwa juu yangu, kutoka utosini mpaka kisiginoni, kikakatwa kwa kisu: ka! Ufito. Mtu alikuwa amechukua kipimo changu. Akaondoka bila kusema neno.

Halafu harufu ya ubani, ikipenya hata pamba. Mtu akaketi kando ya kichwa changu, akashusha pumzi. Nikamjua kwa kikohozi: Bi Zuhura, bibi ninayepanga chumba kwake. Huku maiti haachwi peke yake. Nje ya mlango wanawake wakaketi mkekani.

"Mwanangu," Bi Zuhura akaninong'oneza, "najua ninyi mna pa kwenu huko. Lakini ukifika utaulizia. Mume wangu anaitwa Shomari, alizama. Mwambie tulihamishwa. Yeye huja kule kwenye nyumba ya zamani, watu wamemwona, anazunguka anabisha, hakuna mtu. Mwambie tuko kijijini sasa, karibu na barabara. Mlango wa kijani."

Ndugu zangu, nyuma ya mlango ule wa kijani ndiko ninakolala mimi.

Ubani ukanikuta nikiwaza hivyo. Nilijikaza. Nilimwomba Mungu, nilijibana mpaka vidole vya miguu vikajikunja. Chafya ikatoka na pamba zote mbili, nami nikainuka kitako na shuka langu kichwani.

Mkeka ulibaki na kandambili tupu. Bi Zuhura peke yake hakukimbia. Alinitazama, chetezo mkononi. Nikasema kitu pekee kilichonijia: "Shikamoo, Bibi." Kwa taya iliyofungwa, ilitoka kama mlio wa ndama.

"Marahaba," akaitikia. Akakiweka chetezo chini. "Umesikia niliyokuambia?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Basi usisahau. Siku yako ikifika."

Nikafungua bendeji, nikatembea mpaka kaburini na shuka langu begani, kwa kuwa kukimbia kungezidisha mambo. Lazaro alikuwa bado anawaeleza, nao wakidhani ni uchungu wa msiba; waliponiona, wachimbaji wakatoka shimoni bila kusaidiwa. Mzee Hamisi akanitazama, akalitazama shimo, akaupima ufito kwa macho.

"Nisameheni," nikasema. "Tulikuwa tunajifunza."

"Kujifunza kufa?"

"Kuzika, mzee."

"Kaburi likishafunguliwa halifukiwi tupu. Litaita mtu. Na hili limechimbwa kwa urefu wako."

Wakakata mgomba kwa kipimo cha ufito ule ule, wakauzungushia shuka langu. Mwalimu Lazaro akaongoza ibada, hakukosea hata neno. Wakaniambia nami nitupe udongo. Nikatupa. Jamani, ule mlio wa udongo ukigonga chini, mkijua nafasi ile ni ya nani.

Mzee Hamisi akakung'uta mikono, akamgeukia Mama Neema. "Kamati haina haja ya kukaa tena. Palipo na kaburi ni makaburini. Mgonjwa wako muuguze bila wasiwasi, mwanangu. Mahali pake papo."

Mama Neema akalia tena. Safari hii hakuna aliyeshika jembe.

Kwa hiyo makaburi tumepata. Kesho somo ni ndoa, na bwana harusi wa mazoezi nimekataa kuwa mimi. Kijiji hiki hakina mazoezi.