Bwana wa Magunia Mawili

Jumapili, 2 Novemba

Miguu imekufa. Nimesimama tena kutwa nzima kwenye chumba cha kwanza cha maonyesho ya Japani ya kale, kando ya marobota ya mchele yaliyofungwa kwa mabua. Kazi yangu ni kuwaambia watu wasiguse. Hakuna anayetaka kugusa! Kwa hiyo nasoma bango lililo mbele yangu, na sasa nimelikariri.

Zamani Wajapani walilipa kodi kwa mchele. Ukubwa wa bwana ulipimwa kwa koku, na koku moja ni mchele wa kumlisha mtu mwaka mzima. Samurai, wale wapiganaji wa panga, walipokea mshahara wa mchele na kumtumikia aliyewapa. Bango linaishia hapo. Mengine yako chumba cha pili, kwenye lindo la Scovia, mlinzi mwenzangu kutoka Uganda, na mlinzi haruhusiwi kuacha lindo lake.

Haidhuru. Niliyoyasoma yananitosha. Collins, mwenzangu wa chumba, anarudi kwao Kisumu Ijumaa, harudi tena Doha. Kitanda chake ni cha chini, karibu na soketi. Mimi nalala juu yake, na kila siku miguu hii inapanda ile ngazi ya chuma. Gerishon, anayelala juu upande wa pili, naye anakitaka. Dereva! Mtu anayefanya kazi amekaa!

Nimezaliwa Kyela, katikati ya mpunga. Sikuwahi kuwaza kwamba nilikuwa nimekaa juu ya utawala.

Jumatatu, 3 Novemba

Nimenunua magunia mawili ya mchele duka la nyuma ya jengo letu hapa Al Mansoura. Fedha ya viatu vipya vya kazi imekwisha yote. Muuzaji kaniuliza kama nafungua mgahawa. Nikamwambia ni kitu kikubwa zaidi.

Jikoni hakuna nafasi. Nimeyapandisha kitandani kwangu. Twaha, mwenzetu wa nne, mtu wa Tanga na mpishi wa hotelini, alisaidia kusukuma, kisha akauliza mimi nitalala wapi. Nikamjibu kwamba nitalala nikishakuwa bwana.

Nimewatangazia wote chumbani. Kuanzia leo mchele unatoka kwangu. Anayetaka kula atanifulia sare, au atasafisha bafu zamu yangu ikifika. Kitanda sikukitaja. Kitakuja chenyewe, kwa heshima. Collins alicheka mpaka akakohoa.

Jumanne, 4 Novemba

Nimelala nimejikunja, magunia yamenyooka.

Pigo jingine: hakuna mwenye njaa! Twaha anakula hotelini. Collins amekwisha kufunga vyombo vyake, anakula chapati na chai ya karak kwenye kafeteria ya chini. Gerishon kasonga ugali mbele ya macho yangu. Nikamkaribisha mchele. Akasema, "Buda, mimi bila ugali sijakula. Hiyo mchele ni ya wagonjwa."

Bango halikusema lolote kuhusu raia walioshiba. Nimepika wali peke yangu, nikala peke yangu, nikaosha sufuria peke yangu.

Alhamisi, 6 Novemba

Nimesinzia nimesimama. Mtoto wa mgeni mmoja akaligusa robota. Wiki zote hizi nangoja mtu aguse, na siku anagusa nimefumba macho! Supavaiza kanipa onyo.

Wakati wa chakula nilimuuliza Scovia bango lake linasemaje. Kasema, "Ssebo, mimi nalilinda, silisomi." Anachojua ni kwamba kuna picha ya watu wanavunja nyumba kwa nyundo. Amedhani ni ujenzi.

Kurudi nyumbani, kitu kinatembea shingoni. Fukusi! Wametoka gunia la pili. Muuzaji aliniuzia mchele wa lini? Gerishon kamwona mmoja ukutani. Nikamwambia yuko mmoja tu.

Lakini jioni, habari njema! Pamela, kiongozi wa kina mama wa ibada yetu ya Mesaimeer, kapiga simu. Kesho baada ya ibada watu watakuja kwetu kumuaga Collins, na amesikia kwamba nina mchele. Hatimaye wamefika mlangoni pangu! Nimejibu kwamba mchele upo, ila kutakuwa na sharti.

Ijumaa, 7 Novemba

Siku ndefu. Naandika kwa taabu.

Watu walijaa hadi kwenye ngazi za jengo, wengine wametoka Al Wukair. Pamela alisimama na sufuria kubwa mkononi. Nikapanda juu, nikakaa kwenye magunia, nikatoa sharti langu. Kabla gunia halijafunguliwa, Collins atangaze mbele ya wote kwamba kitanda chake ni changu.

Twaha akaangalia sakafu. Pamela akauliza kama Collins ninayemsemesha hivyo ndiye yule aliyekuwa akinichemshia maji ya chumvi ya kukanda miguu, mwezi wangu wa kwanza hapa.

Ndiye.

Nikashusha gunia zima mwenyewe. Kina mama wakapeta, wakachambua, wakapika pilau. Gerishon, mtu wa ugali, kala sahani tatu. Mgonjwa huyo!

Gari la uwanja wa ndege lilipofika, Collins alinivuta pembeni, begi begani. "Philipo, hicho kitanda nilikuwa nimekuwekea wewe kitambo. Hiyo miguu yako si naionanga kila siku?" Lakini aliponiona nimepanga mali yangu huko juu na naikumbatia nikilala, alidhani nimepapenda. Gerishon akaomba. Jana akampa.

Akanikumbatia, akaenda. Nimefungulia maji bafuni nikalia. Kwa ajili ya kitanda, na kwa ajili ya Collins, na sijui kipi zaidi.

Jumatatu, 10 Novemba

Gerishon anakoroma hapo chini. Akiamka analalamika kwamba fukusi wanamdondokea.

Scovia anaumwa, nami nikapewa lindo lake. Nimelisoma bango mpaka mwisho. Kumbe samurai walikopa kwa wafanyabiashara kwa kutegemea mchele ambao hawajaupata bado, na bei iliposhuka wakaelemewa na madeni. Miaka ya njaa, watu walivunja nyumba za walioficha mchele. Na wakulima wengi walioulima walikula mtama na shayiri. Nikamkumbuka mama kule Kyela, anayeuza mchele wake wote mzuri na kula ndizi. Nilisimama hapo kwa uchungu muda mrefu.

Kisha nikaelewa. Kosa lao liko wazi. Walitegemea mchele!

Kutoka lindo hili naona kipande cha bango la chumba cha tatu. Linasema kwamba mabwana wakubwa waliwatunuku wapiganaji wao vyombo vya chai, na kwamba kopo moja la chai liliweza kuthaminiwa kuliko ngome. Mengine yamefichwa na nguzo. Yananitosha.

Twaha anakwenda likizo Desemba. Kitanda chake nacho ni cha chini.

Muuzaji kakubali kunikopesha hadi mshahara ujao. Nimechukua katoni mbili za majani ya chai. Jikoni hakuna nafasi. Nimezipandisha kitandani, kando ya gunia.