Mashine ya Uongo na Kona ya Tatu

Jumatatu, 3 Machi

Mashine imeletwa. Kiti cha kubana mapaja, usukani, pedali tatu na skrini pana kama mlango wa kabati. Wameiweka kwenye chumba kilichokuwa stoo ya matairi mabovu. Inasemekana mchezo huu wa mbio unaendesha gari kama gari lenyewe: uzito, matairi, lami, mvua, kila kitu. Inasemekana na nani? Na waliouuza.

Mama Mkurugenzi, mwenye shule yetu ya udereva, akaita walimu wote. Walimu wote ni wawili. Mimi, mwenye miaka kumi na tisa kazini na Gari Namba Mbili. Na Shemeji, mdogo wake mke wangu, mwenye miaka mitatu na Gari Namba Moja. Kazi hii nilimtafutia mimi mwenyewe. Najuta mpaka kwenye mifupa.

Akatuambia kuanzia mwezi ujao shule itabaki na gari moja, maana wanafunzi wataanzia kwenye mashine. Mwalimu mmoja atabaki barabarani. Mwingine ataingia darasani kufundisha alama za barabarani kwa vigari vya mbao. Ataamua Jumamosi, baada ya kutuona sote wawili tukiendesha mashine mbele yake. Eti ndiyo haki.

Vigari vya mbao. Mimi!

Nikaijaribu baada ya chakula cha mchana. Kona ya kwanza, safi. Ya pili, safi. Ya tatu nikagusa breki, kama mtu yeyote mwenye akili zake, nyuma ya gari ikataka kutangulia mbele. Nikajikuta natazama nilikotoka. Mara nne mfululizo. Shemeji akakaa mara moja tu, akazunguka uwanja mzima kama anasukuma kitoroli cha mtoto, akashuka akisema taratibu tu, shemeji, taratibu. Ndilo neno lake. Wanafunzi wanamwita Mwalimu Taratibu na anafurahi, mjinga yule.

Jumanne, 4 Machi

Sikulala vizuri. Nimepata jibu: kosa ni la mashine.

Gari la kweli haliwezi kuzunguka kwa sababu ya breki. Breki kazi yake ni kusimamisha. Ingekuwa inazungusha tungeiita jina jingine. Nimewaandikia waliotengeneza mchezo barua ya kurasa tatu. Nimewaeleza mimi ni nani. Nimewaeleza kuwa kijana aliyepanga uzito wa gari lao bila shaka hajawahi kukaa ndani ya gari, na kama amewahi, alikuwa amelala.

Shemeji akanikuta naandika. Akachukua sinia, akaweka kikombe cha chai juu yake, akaanza kunipa somo. Eti ukikanyaga breki uzito wote unakimbilia mbele, matairi ya nyuma yanabaki mepesi, na ukiwa umeshakata usukani lazima yateleze. Eti breki inakanyagwa gari likiwa limenyooka, kisha unaiachia, ndipo unakata kona. Akalisimamisha sinia ghafla kunionyesha. Chai yote ikaingia kwenye ukurasa wa pili.

Nikamwambia nilikuwa nafundisha breki yeye akiwa bado anafungwa kamba za viatu na dada yake. Akasema anajua, na ananiheshimu. Hapo ndipo damu iliponichemka zaidi. Mtu anayekuheshimu huku anakufundisha ni mtu wa kuogopwa.

Mchana nilikuwa na mwanafunzi wangu muuguzi, mama wa makamo, mtihani wake wiki ijayo. Gari letu la kufundishia lina breki na klachi upande wangu pia, kiti cha abiria. Katikati ya mzunguko wa soko akauliza, kwa adabu kabisa, kwa nini namkanyagia breki kila akikata kona. Nikamjibu ndiyo sababu bado yuko hai. Wauguzi nao wana maneno.

Jumatano, 5 Machi

Leo nimetumia kichwa.

Ndani ya mashine kuna ukurasa wa kubadilisha gari la kila dereva: mshiko wa matairi, nguvu ya breki, lami kavu au yenye maji. Kila dereva amewekewa nafasi yake. Nimeingia asubuhi kabla ya watu. Dereva wa Kwanza, ambaye ni mimi, nimempa matairi mapya, lami kavu na kila msaada uliopo. Dereva wa Pili, ambaye ni Shemeji, nimempa matairi yenye upara na mvua ya mawe. Breki zake nimeziacha zikiwa hafifu kama za baiskeli ya kukodi.

Dhamiri haikunisumbua. Mashine yenyewe ni ya uongo, na mtu akiongeza uongo kwenye uongo hajaharibu kitu.

Nyumbani nilikuwa mchangamfu hadi mke wangu akaniuliza nimefanya nini. Nikamwambia mume hawezi kufurahi nyumbani kwake? Akasema anaweza, ila mara ya mwisho nilipofurahi hivi tulilazimika kumwomba radhi jirani.

Alhamisi, 6 Machi

Nimelaaniwa.

Mama Mkurugenzi alipita kuangalia mazoezi. Nikamwachia Shemeji atangulie, kwa ukarimu, nikasimama pembeni nimekunja mikono nikisubiri aanguke. Akapita kona ya tatu kama ana uzi unaomvuta. Akapita tena, haraka zaidi. Zamu yangu nikateleza kwenye barabara iliyonyooka. Iliyonyooka! Hata kona sikuiona. Mama Mkurugenzi akaandika kitu kwenye daftari lake, akaenda zake.

Kumbe Shemeji, kwa kiherehere chake cha kuwahi kazini, alijiandikisha kwenye mashine Jumatatu kabla sijafika. Dereva wa Kwanza ni yeye. Sasa niulize: mwenye miaka mitatu anawezaje kuwa wa kwanza na mwenye miaka kumi na tisa akawa wa pili? Shule hii haina utaratibu.

Balaa halikuishia hapo. Akaufungua ule ukurasa, akaona mvua ya mawe, akanitazama, akacheka mpaka akashika ukuta. Kisha akarudisha kila kitu kilivyokuwa, sawasawa kwa wote wawili, akasema hatamwambia mtu. Amenifichia! Nani alimwomba anifichie? Ningetukanwa ningejua la kufanya. Akaongeza kuwa mguu wangu ndio tatizo, na akaomba anisaidie nusu saa wakati wa mapumziko, mimi na yeye tu, mlango umefungwa.

Nikamwambia afunge mlango akiwa nje.

Jioni mke wangu, ambaye bila shaka ameshapigiwa simu na ndugu yake, akanionyesha zulia mbele ya kiti changu. Limetoboka upande wa kulia, pale unapokaa mguu. Anasema nikitazama televisheni na gari likapita, nakanyaga. Hata kwenye taarifa ya habari nakanyaga. Nikamwambia zulia lilikuwa la bei rahisi. Akasema kaka zake wawili hukaa kiti hicho hicho, na hakuna zulia lililowahi kulalamika.

Ijumaa, 7 Machi

Vita vya mashine nimeviacha. Kesho nitawapeleka kwenye ukweli.

Nimemwomba Mama Mkurugenzi, kabla ya kuamua lolote, aje nyuma ya shule saa nne asubuhi. Nitachukua Gari Namba Mbili, gari la chuma, lenye harufu ya petroli, na nitapita kona ile ile ya tatu nikikanyaga breki pale pale ambapo mashine inasema nitazunguka. Gari halitazunguka. Nimemwambia likizunguka, anipeleke darasani na sitatia neno. Akaniuliza kama nina hakika. Swali gani hilo.

Nimeshinda kutwa nimeinama uani. Nimeipima kona kwenye skrini kwa rula, nikaichora kwenye saruji kwa chaki, nikapanga koni. Mashine inadai lami ya kona ile ina unyevu, kwa hiyo kesho nitamwagia maji, na sabuni kidogo, ili asije mtu akasema nimependelewa. Ukuta wa darasa uko karibu kidogo na mwisho wa kona. Haunihusu. Ukuta unawahusu wanaozunguka.

Shemeji akaja akautazama ukuta, akaitazama ndoo ya sabuni, akaniambia safari hii si utani, shemeji, niache mpango huu. Anaogopa, na ana haki ya kuogopa. Mtu anayelilia barabara lazima aogope mwenye barabara akija.

Jumamosi, 8 Machi

Nitaandika kwa ufupi, shingo inauma.

Saa nne kamili. Mama Mkurugenzi kwenye kiti cha plastiki. Muuguzi amekuja kwa somo lake, nikamwambia asimame atazame, hili ndilo somo. Shemeji, bila kuombwa, amehamisha madawati kutoka upande ule wa darasa. Nikaliona hilo kuwa tusi.

Nikakaa kiti cha dereva. Nikatafuta pa kusogeza kiti na sikupapata. Nikakumbuka kwamba kwa miaka kadhaa nimekuwa nikikaa upande wa pili. Haidhuru. Nikawasha. Nikaondoka kwa kishindo. Koni ya kwanza, koni ya pili. Nikakata usukani. Mguu ukafanya unachojua.

Nyuma ya gari ikataka kutangulia mbele, na safari hii ikatangulia. Niliona koni, kisha muuguzi, kisha Mama Mkurugenzi, kisha koni zile zile tena. Halafu ukuta. Gari Namba Mbili limeingia darasani kinyumenyume hadi milango ya nyuma. Ubao umeanguka. Bango la alama za tahadhari limenivaa kupitia dirishani.

Kila kitu kilikuwa kama kwenye skrini. Hata pembe ile ile. Nilibaki nimeushika usukani, na nakiri niliogopa. Wa kwanza kufika alikuwa Shemeji. Akazima gari, akanigusa mabega, akaniuliza jina langu na leo siku gani. Muuguzi akanitazama jicho moja baada ya jingine, akasema nitapona. Kisha, kwa sauti ya chini, akasema pole mwalimu, lakini hapo mimi nisingekanyaga.

Mama Mkurugenzi hakupaza sauti. Angepaza ningefarijika. Alisema mashine haina haja ya kuwashwa tena leo. Jumatatu naanza darasani. Akatazama tundu, akasema angalau hewa itapita.

Shemeji alinipeleka nyumbani kwa Gari Namba Moja. Nilikaa kiti cha abiria, kwenye zile pedali zake za mwalimu. Njia nzima hakusema taratibu hata mara moja. Kila kona alisema tu, kwa upole, shemeji, mguu.

Jumatatu, 10 Machi

Nimeitumia Jumapili nzima kufikiri, na sasa kila kitu kiko wazi.

Mashine ina kosa: ukikanyaga breki kwenye kona, inazunguka. Gari Namba Mbili lina kosa lile lile. Makosa mawili hayafanani hivi hivi tu. Ama waliotengeneza mchezo walinakili gari bovu, ama waliotengeneza gari walinakili mchezo. Nimewaandikia wote wawili. Kila barua nimeiambatishia picha ya ukuta.

Mke wangu amesoma moja, akaondoka, akarudi na zulia jipya. Zito, la nyuzi za katani. Akalitandika mbele ya kiti changu, upande wa kulia tu.

Saa tatu nikaanza darasa. Wanafunzi kumi na mmoja, vigari sita vya mbao, kimoja hakina gurudumu. Meza yangu imewekwa karibu na tundu, maana kwingine kote kuna vumbi la matofali. Nikachora kona ubaoni. Kijana mmoja akauliza breki inakanyagwa wapi. Nikamwonyesha: hapa, katikati. Akasema kwenye mashine ameambiwa vingine. Nikamwambia akitaka kuamini televisheni ni juu yake.

Hapo nikasikia injini. Kupitia tundu nikaliona Gari Namba Moja linaingia uani, muuguzi kwenye usukani, Shemeji pembeni yake ameweka mikono mapajani kama yuko msibani. Linakuja. Kona ya chaki yangu bado iko pale, na halipunguzi mwendo. Hakuna anayekanyaga chochote! Ukuta uliobaki ni ule wa upande wangu.

Nikakanyaga sakafu kwa nguvu zangu zote. Meza ikaruka, vigari vyote sita vikaanguka chini.

Gari likapita kona vizuri kabisa, likanyooka, likasimama hatua mbili kutoka ukutani. Mle ndani muuguzi akacheka, Shemeji akampongeza kwa kumpa mkono. Nimesubiri mpaka saa ya kufunga. Hakuna hata mmoja aliyekuja kunishukuru.