Dhahabu Iliyonyonya Mkanda wa Jeshi

Cornel alikuwa akiuza dawa ya minyoo kwa kipaza sauti pale stendi ya Buseresere alipomwona Mzee Maduhu anakuja, shati kaliinua upande mmoja, anatembea kama mtu aliyeficha kuku kwapani. Maduhu alikuwa na maduara mawili ya kuchimbia dhahabu na mkono mgumu kuliko mwamba wake. Cornel akazima kipaza sauti. Minyoo ingesubiri.

"Shikamoo mzee. Huo ni mkanda wa jeshi."

"Marahaba. Unaunguza, mayu wane! Umeanzia mgongoni, sasa unakuja tumboni."

"Na ncha zikikutana?"

"Wanasema nakufa."

"Hawajakosea," alisema Cornel kwa sauti ya msibani. Uongo huo hakuutunga yeye. Aliukuta tu mtaani, akaupanda kama baiskeli ya jirani.

Walipofika nyumbani kwa mzee, Cornel alieleza kwamba dawa ni jiwe zima la dhahabu. Linasuguliwa kwenye malengelenge mpaka linyonye ugonjwa wote, kisha mganga mwenyewe anakwenda kulitupa ziwani. Likibaki nchi kavu, ugonjwa unamrukia yeyote anayelishika.

"Jiwe zima?" Maduhu aliuliza, maumivu kayasahau kabisa.

"Kaburini utalifanyia nini, mzee?"

"Mpe, Baba Klara," alisema mkewe, Mbuke. "Makelele yako yametuchosha."

Cornel akasugua kwa mikono mitupu. Malengelenge yakapasuka, akajifuta kwenye suruali, akalitia jiwe kwenye soksi na kuwasha pikipiki yake. Ziwa lilikuwa upande ule. Yeye akashika njia ya Shinyanga.

Alipanga chumba Ibadakuli, akajifungia wiki mbili ili maneno yapoe. Asubuhi aliyopanga kwenda kwa sonara, aliamka na homa. Kioo kikamwonyesha vipele vya maji shingoni, kifuani, hata juu ya ulimi. Vilevile kama vya Maduhu, ila hivi havikufuata mkanda wala mstari.

Akaitazama ile soksi. Soksi nayo ikamtazama.

Hapo ndipo mtu aliyedanganya wilaya tatu alipompata mjinga ambaye hakuwahi kumfikiria: yeye mwenyewe.

Alifika Buseresere akitetemeka juu ya pikipiki. "Mzee, pokea jiwe lako! Limenirukia!"

Maduhu alikuwa kibarazani, shati limefungwa vifungo vyote, amepona. Akanyoosha mkono haraka. Mbuke akaupiga kofi.

"Usishike! Si alisema mwenyewe kwamba linamrukia anayelishika?" Akaikagua shingo ya Cornel. "Shemeji, utotoni uliwahi kuugua tetekuwanga?"

"Sijawahi. Nililelewa na bibi yangu porini, jirani yetu alikuwa fisi."

"Ahaa." Mbuke akafikiri. "Kulipokea tunaweza. Lakini ugonjwa wa mtu haupokelewi bure. Acha pikipiki."

"Pikipiki?"

"Au nenda na jiwe lako."

Cornel akajikuna, akatoa funguo na kadi ya pikipiki. Mbuke akalitoa jiwe kwenye soksi kwa vidole vyake vitupu, akalifunga kwenye pindo la khanga. Maduhu akapiga kiki. Mlio ulipotoka, watoto wanne wakachomoka ndani, wana vipele mwili mzima, wamepakwa dawa ya pinki toka utosini hadi miguuni, wakipiga kelele, "Tupakie! Tupakie!"

Cornel akakodoa macho. "Na hawa nao walishika dhahabu?"

"Hawa walimshika baba yao. Ni tetekuwanga, kama yako. Nesi alituambia inakupata utotoni, inapona, kumbe imelala mwilini. Ukizeeka inaweza kuamka, ndiyo huo mkanda. Ambaye hajawahi kuugua akigusa yale maji ya malengelenge, basi, anaanza na tetekuwanga. Dhahabu haina kosa lolote."

"Na ncha zikikutana?"

"Zinakutana tu, mtu anaendelea kula ugali."

Akampa kichupa cha dawa ya pinki kilichobaki nusu.

"Jipake, kisha upite hospitali, maana kwa mtu mzima inauma vibaya. Na usijikune, shemeji. Utabaki na makovu, halafu watu watakutambua kila stendi."